Usugu wa Bakteria dhidi ya Antibiotiki

Usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki ni hali ya bakteria kuendelea kuishi na kuzaliana licha ya mgonjwa kutumia dawa ambayo awali iliwamudu. Kinachokuwa sugu ni bakteria, si mwili wa mgonjwa. Hivyo hata asiyewahi kumeza antibiotiki anaweza kuambukizwa bakteria sugu. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Chanzo

Bakteria huzaliana kwa kujigawa, wengine kila baada ya dakika 20 hivi. Jeni zinapobadilika, wachache hupata uwezo wa kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja dawa au kuisukuma nje ya seli. Dawa ikiwaua wenzao, hao wachache hubaki na nafasi tele ya kuongezeka. Bakteria pia hupeana jeni za usugu, hata baina ya aina tofauti. Matumizi holela huharakisha mambo: kununua vidonge bila cheti cha daktari, kumeza dozi pungufu, au kuwapa kuku wazima antibiotiki ili wakue upesi.

Mfano wa kisonono

Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, ilianza kutibu kisonono katika miaka ya 1940. Mwaka 1976 waliripotiwa bakteria wa kisonono wenye kimeng'enya cha kuivunja. Baadaye tetrasaiklini na siprofloksasini nazo zikashindwa katika nchi nyingi. Sasa tegemeo kuu ni sindano ya seftriaksoni, na mwaka 2018 Uingereza iliripoti mgonjwa ambaye bakteria wake walikuwa sugu kwa dawa hiyo na pia kwa azithromaisini.

Matumizi sahihi

Antibiotiki haziui virusi, kwa hiyo hazitibu mafua. Mtoto anayeharisha majimaji kwa kawaida huhitaji maji ya ORS na zinki. Damu kwenye kinyesi ni dalili ya kumpeleka kituo cha afya haraka. Pale antibiotiki inapohitajika, aina yake, kiasi, saa za kumeza na idadi ya siku hufuatwa kama mtoa huduma alivyoagiza. Dawa aliyoandikiwa mtu mmoja haigawiwi jirani, wala mabaki hayawekwi akiba. Chanjo, kunawa mikono kwa sabuni na maji safi hupunguza maambukizi, na hivyo hupunguza haja ya dawa zenyewe.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliziweka antibiotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba kwa maambukizi yaliyoshinda nyingine. Kundi hilo la mwisho ni dogo, na dawa mpya hugunduliwa polepole. Kila dozi inayomezwa bila sababu huwapa bakteria sugu nafasi. Tuzilinde dawa hizi ili ziwafae na watoto wetu.