Mvua ya Thika, Moshi wa Kalimantan

Ukitaka kukadiria umri wa mtu hapa Ruiru bila kumuuliza, taja Elnino. Akikuuliza "ile ya lini?", huyo ni wa juzi. Akinyamaza kidogo halafu aanze kusimulia habari za matope, basi alikuwepo 1997.

Mwaka huo mama yangu alikuwa anaishi Makongeni, Thika. Anakumbuka mto Chania ukiporomoka pale Blue Posts ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Anakumbuka nguo zilizokaa kambani wiki nzima bila kukauka, na mahindi yaliyoota ukungu ndani ya gunia. Lakini hadithi yake kubwa ni ya viatu. "Tulikuwa tunavibeba mkononi mpaka steji," anasema, "na bado konda anakuangalia miguu kabla hajakuangalia pesa."

Wakati huohuo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, watu walikuwa wanatembea wamefunika pua. Sumatra na Kalimantan, nchini Indonesia, zilikuwa zinaungua, na moshi wake ulifika Malaysia na Singapore. Sisi tunazama, wao wanakosa pumzi. Nilipokuwa shule nilidhani hayo ni majanga mawili. Kumbe ni moja.

Kwa kawaida maji yenye joto zaidi hukaa upande wa Indonesia, na mvua huyafuata. Mwaka 1997 maji ya pwani ya Sumatra yalipoa, ya upande wetu yakapata joto, na mvua ikahamia huku. Elnino yenyewe ni ya Bahari ya Pasifiki. Bembea hii ya Bahari ya Hindi ni kitu kingine, ingawa mara nyingi huandamana nayo, na ilikuja kuelezwa na N. H. Saji na wenzake katika jarida la Nature mwaka 1999. Maana yake, mama alinyeshewa miaka miwili kabla ya mvua yake kupata maelezo.

Ila ukame peke yake haukuteketeza Kalimantan. Mwaka 1996 serikali ya Suharto ilianza mradi wa kugeuza hekta milioni moja hivi za vinamasi kuwa mashamba ya mpunga. Mifereji ikachimbwa, maji yakatolewa, mchele ulioahidiwa haukuonekana. Kilichobaki ni udongo mweusi wa majani na mizizi iliyorundikana kwa maelfu ya miaka, sasa umekauka. Udongo huo ukishika moto hauwaki kwa ndimi. Unafukiza chini kwa chini, wiki baada ya wiki, kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Na moshi wake una haidrojeni sayanidi kwa wingi. Ndiyo, ile sumu ya muhogo mchungu, inayofanya watu wauloweke kabla ya kuupika.

Gesi hii ina tabia inayomfaa mwanahistoria. Magari na viwanda huitoa kidogo tu, kwa hiyo foleni ya Thika Road haiwezi kujisingizia. Asili yake kubwa ni mimea inayoungua. Ikibaki huku chini, bahari huimeza ndani ya miezi michache. Lakini ikifanikiwa kupanda hadi stratosfia, juu ya mawingu ya mvua, hukaa miaka.

Huko juu inasikilizwa. Setilaiti ya Aura ya NASA ilirushwa Julai 2004, ikawa inazunguka kilomita 705 juu yetu. Kwa miaka mingi ilikuwa ikivuka ikweta karibu saa nane kasorobo mchana, wakati watu wa Ruiru wanamalizia lunch. Moja ya vyombo vyake, MLS, hakipigi picha. Kinatazama ukingo wa hewa ya dunia kwa ubavu na kupokea mawimbi hafifu ambayo kila gesi hutoa, kama redio inavyoshika stesheni. Stesheni ya haidrojeni sayanidi iko karibu na gigahezi 177. Kinachotafutwa ni molekuli 200 hivi katika kila trilioni moja za hewa.

Hewa ya ikweta ikishaingia stratosfia hupanda polepole sana, labda kilomita moja kwa mwezi. Hivyo moshi wa mwaka fulani huonekana juu ya moshi wa mwaka uliofuata. Wanasayansi huuita mpangilio huo kinasa sauti, kwa maana ya kaseti. (Kizazi cha Spotify, ulizeni nyumbani.) Mwaka 2008 Hugh Pumphrey wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake walionyesha kwamba haidrojeni sayanidi nayo ina kaseti yake.

Ukiisikiliza, unasikia miaka tunayoijua. Moto wa Indonesia wa 2006 umo, na mwishoni mwa mwaka huo Afrika Mashariki ilifurika. Moto wa 2015 ulipandisha gesi hii kupita chochote ambacho MLS ilikuwa imewahi kupima. Lakini 2015 ndio mwaka tulioonywa sana kuhusu Elnino, tukazibua mitaro, halafu mvua haikufikia ile ya 1997. Kwa hiyo usiichukulie kaseti hii kama kipimo cha mvua ya Thika. Inanasa moto, na moto una wenyewe: walioukausha udongo na waliouwasha.

Kenya si ngeni kwenye mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, ikaenda kutafuta nyota zinazotoa eksirei. Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, iliundwa kupiga picha za ardhi. Ya kusikiliza moshi hatuna. Envisat ya Ulaya, iliyokuwa ikipima gesi hii pia, ilinyamaza Aprili 2012. Aura yenyewe imeishi mara kadhaa ya umri iliopangiwa.

Jioni moja nilimwonyesha mama grafu kwenye simu, ule mlima wa 2015 na 2016. Akaivuta kwa vidole kuelekea kushoto mpaka ikaisha.

"Na 1997 iko wapi?"

Nikamweleza kwamba Aura haikuwa imerushwa. Akanirudishia simu. "Basi waje waniulize mimi," akasema, na akarudi kwenye hadithi ya viatu.