Paa linavuja kwenye maungio: risasi ya zamani, bati jipya na maji ya kunywa

Nyumba ikianza kuvuja, mwenye nyumba hutazama bati. Hutafuta tundu, huita fundi, hununua lami ya kupaka. Mara nyingi bati halina kosa. Maji yanapita pale paa linapokutana na kitu kingine: ukuta, bomba la moshi la jiko, au paa la chumba kilichoongezwa baadaye. Hapo huwekwa ukanda wa kuziba maungio, ambao mafundi wetu huuita flashingi. Kwenye nyumba mpya ukanda huo ni wa bati. Kwenye majengo ya zamani unaweza kuwa wa risasi, na hapo ndipo tunapotaka msikilizaji asikilize kwa makini.

Watu wa Jangwani, Dar es Salaam, wanajulikana zaidi kwa maji yanayotoka chini. Bonde la Msimbazi likifurika, kama lilivyofurika Desemba 2011, habari zao hufika nchi nzima. Lakini ukipanda kidogo kuelekea Kariakoo, maji yanayosumbua ni ya juu. Kariakoo ilijengwa kwa nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Zamani ziliezekwa makuti, nyingine madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati. Leo nyingi zimevunjwa. Zilizobaki zimebanwa na maghorofa, na ukuta wa ghorofa unasimama kando kabisa ya bati la nyumba ya chini. Mvua inayopiga ukuta ule wote inateremka hadi kwenye maungio. Nyumba iliyokaa miaka mingi bila kuvuja inaanza kuvuja msimu wa kwanza baada ya jirani kupandisha.

Msikilizaji wa kijijini asiseme hayo ni ya mjini. Ukiongeza jiko kwenye ukuta wa nyumba kubwa, au ukiegemeza banda, umetengeneza maungio yaleyale. Na vifaa vyenyewe wengi wetu tunavifuata, au tunaletewa, kutoka maduka ya Kariakoo na Gerezani.

Kwa nini simenti haidumu

Dawa ya haraka inayopendwa ni kupaka simenti pale bati linapogusa ukuta. Siku ile inaonekana safi. Baada ya miezi michache kuna ufa mwembamba unaofuata urefu wote wa ukuta. Sababu ni jua. Bati la chuma la urefu wa mita 3, likipanda joto kwa nyuzi 40, hurefuka karibu milimita moja na nusu. Jioni hurudi. Linafanya hivyo kila siku, ilhali simenti haivutiki hata kidogo, kwa hiyo inapasuka. Kuna jambo la pili ambalo mafundi wachache husema: simenti mbichi ina ukali unaokula zinki iliyopakwa juu ya bati. Ukibandua simenti ya zamani kwenye maungio utakuta kutu imeanzia palepale.

Flashingi nzuri haigandishi paa na ukuta. Inaning'inia ukutani na kulifunika bati kama kanga inavyofunika bega, na bati linabaki huru kucheza chini yake.

Kazi inavyofanywa

Kwanza hakikisha maji yanapita wapi. Mtu mmoja akae ndani, mwingine amwagie maji juu taratibu akianzia chini ya mteremko na kupanda. Ukianza kumwaga juu, maji yatateremka kote na hutajua kitu. Kazi ya juu ifanywe asubuhi kabla bati halijachoma, ngazi ifungwe, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Kwenye nyumba za zamani waya mara nyingi hupita juu ya papi bila bomba, na bati likigusana na waya uliochubuka, paa zima linakuwa na umeme.

Fundi achore mstari ukutani, sentimita 15 hivi juu ya bati, kisha akate mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 2 na nusu. Asizidishe. Ukuta wa nyumba ya zamani unaweza kuwa wa miti na udongo uliopigwa lipu tu, na ukuta wa namna hiyo haukatwi kwa grainda. Hapo ni afadhali kubana ubao ukutani kwa misumari mirefu na kuning'iniza flashingi kwenye ubao. Kama ukuta ni wa jirani, zungumza naye kabla ya kuwasha mashine.

Flashingi inakatwa kwenye bati bapa, geji 28 au nene zaidi. Geji 30 hufanya kazi, lakini upepo huipindua mapema. Ukingo wa juu unapindwa uingie kwenye mfereji na kukazwa kwa vipande vidogo vya bati lililokunjwa, kisha mfereji unazibwa kwa silikoni ya nje, wala si ile ya bafuni. Sehemu ya chini ilale juu ya bati na kufunika angalau migongo miwili. Pale ambapo juu ya mteremko ndipo panapokutana na ukuta, ifunike sentimita 15 au zaidi, na ncha za bati kwenye mabonde zikunjwe juu ili upepo usisukume maji ndani. Vipande vinaanza kuwekwa chini na kupanda, kila cha juu kikilalia cha chini kwa sentimita 10 hadi 15. Fundi akianza juu, atakuwa ametengeneza mfereji wa kuingiza maji chumbani.

Kosa tunalolisikia sana ni kupiga misumari sehemu zote mbili, ukutani na kwenye bati. Ukifanya hivyo umerudi kwenye shida ya simenti: jua litang'oa upande mmoja.

Ukikuta risasi

Majengo yaliyojengwa enzi za Wajerumani na Waingereza, hasa yenye vigae, yanaweza kuwa na flashingi ya risasi. Usitazame Dar es Salaam peke yake. Hata misheni ya zamani au bweni la shule kijijini laweza kuwa nayo. Mabati ya kale nayo yaliwahi kupigwa misumari yenye kichwa cha risasi. Kuitambua si kazi. Ni nzito kuliko unavyotarajia, ya kijivu, laini, hupindika kwa mkono. Ukiikwaruza kwa kisu inang'aa kama fedha, kisha inafifia. Sumaku haiishiki, na ukiisugua kwenye karatasi inaacha alama kama penseli.

Waliotumia risasi hawakuwa wajinga. Inafuata umbo la kigae, haishiki kutu, na inaweza kukaa paani zaidi ya umri wa mtu. Hupasuka hasa pale vipande vilipowekwa virefu mno. Kisizidi mita moja na nusu, kwa sababu risasi hurefuka kwa joto zaidi ya mara mbili ya chuma. Ufa mdogo kwenye paa la vigae unaweza kuzibwa kwa tepu ya lami yenye ngozi ya alumini, baada ya kusafisha na kukausha. Jengo likiwa kwenye orodha ya urithi wa taifa, Idara ya Mambo ya Kale iulizwe kwanza.

Lakini kama unaondoa vigae na kuezeka mabati mapya ya kisasa, yale yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, risasi iondoke yote. Metali hizo zikigusana penye unyevu, bati jipya ndilo linaloliwa, na hewa ya chumvi ya pwani huharakisha. Tunaona si busara kununua bati jipya na kuacha ukanda wa zamani eti bado mzima.

Sababu kubwa zaidi ni maji. Mvua ikipita juu ya risasi inachukua kidogo. Maji hayo yakienda kwenye simtanki, familia inakunywa. Risasi ni sumu inayokaa mwilini, na inaumiza zaidi watoto wadogo na mama wajawazito: hupunguza uwezo wa kujifunza, huleta upungufu wa damu na huharibu figo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote mpaka akose kuelewa darasani. Kuchemsha maji hakusaidii. Vijidudu vitakufa lakini risasi itabaki, na maji yakipungua sufuriani ndiyo imezidi kukolea. Paa lenye risasi litoe maji ya kufulia na kudekia. Ya kunywa yatafutwe kwingine mpaka paa libadilishwe na tanki lisuguliwe tope la chini.

Anayeiondoa avae glavu, aikate kwa mkasi wa bati, asiipitishe grainda wala msasa, kwa maana vumbi lake ndilo linalovutwa puani. Asile wala kuvuta sigara akiwa kazini, na nguo zake zifuliwe peke yake. Watoto wasiwepo uani.

Halafu kuna kishawishi cha kuiyeyusha. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia, na wapo wanaotengeneza vizito vya nyavu nyuma ya nyumba. Moshi na vumbi lake hubaki kwenye mchanga ambao watoto wanachezea. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaachia wakazi sumu hiyo. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kile kilikuwa kiwanda, lakini mtoto anayekaa pembeni ya jiko la kuyeyushia risasi hupata sumu ileile. Vipande vilivyotolewa vifungwe kwenye mfuko mgumu, viwekwe mbali na jiko na kisima. Wakusanyaji wa taka hatarishi hutakiwa kuwa na kibali. Uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri au NEMC akuchukulie nani.

Wakati mzuri wa kazi hii ni Agosti na Septemba, kabla ya vuli. Mvua ya kwanza ikinyesha, ondoa bomba la tanki maji ya mwanzo yamwagike chini, kisha ingia ndani na tochi ya simu umulike ukuta kwa juu, penye kona.