Chang'aa, Sukari na Pumzi ya Seli

Wasee, hapa Laini Saba kila mtu anajua chang'aa, lakini ni wangapi wamewahi kuuliza mle ndani ya pipa kunaendelea nini kabla ya kupikwa?

Mle kuna hamira. Seli ya hamira inakamata glukosi, inaivunja vipande viwili, inapata nguvu kiasi: ATP 2 tu. Kukiwa na oksijeni ingeweza kuendelea kuvunja hadi ipate nyingi zaidi. Lakini kwenye pipa hewa haifiki, so inaachia kazi katikati, na mabaki yake ndiyo pombe. Nguvu nyingi bado imo humo, ndio maana chang'aa kali inashika moto. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira, akaikamua, na yale maji yakageuza sukari kuwa pombe bila seli hai. Akapewa Nobel 1907.

Kina mama Wanubi wa Kibra hawakumngoja Buchner. Wazee wao, askari wa King's African Rifles, waliwekwa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita bila hati za ardhi, na familia nyingi ziliishi kwa kupika kile Wazungu walikiita "Nubian gin". Wakoloni waliwasumbua. Uhuru ukaja, na 1980 sheria ikapiga marufuku chang'aa kabisa.

Watu hawakuacha kunywa. Kilichokosekana ni mtu wa kukagua. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa hapa Nairobi, wengi upande wa Mukuru, na wengine wakapofuka. Usisingizie hamira. Ilikuwa methanoli, kemikali ya viwandani, watu huitia ili kinywaji kishike haraka. Ini linaigeuza kuwa asidi ya fomiki, na hiyo asidi inaziba hatua ya mwisho ndani ya mitokondria. Glukosi iko, oksijeni iko kwenye damu, lakini seli haiwezi kuitumia. Ni kama kukabwa koo ukiwa unapumua vizuri! Mshipa wa jicho unaumia mapema kwa sababu unakula nguvu nyingi.

Sheria ya 2010 ikaruhusu chang'aa, bora mpishi awe na leseni na auze kwa chupa ya glasi. Hiyo chupa umewahi kuiona mtaani? Mimi bado. Mama anayepika kando ya reli hana pesa ya kiwanda, kwa hivyo anaendelea kukimbia polisi, na mteja wake anaendelea kubahatisha kilicho kwa glasi.