Kerneli Inaponyimwa Kumbukumbu: Hoja ya Kutenga Akiba Kabla ya Kazi

Kerneli ya Linux ina desturi ambayo haikupitishwa rasmi kama kanuni. Sehemu yake inayoweza kusubiri ikiomba kumbukumbu isiyozidi kurasa nane, yaani KB 32 pale ukurasa mmoja unapokuwa na KB 4, kwa kawaida haiambiwi kwamba hakuna. Mgawaji wa kumbukumbu hutafuta tena na tena, na akikosa kabisa huchagua programu mojawapo na kuiua ili nafasi ipatikane. Kwa hiyo maelfu ya mistari ya msimbo inayoshughulikia ombi lililokataliwa huishi miaka bila kutekelezwa hata mara moja. Ninashikilia kwamba desturi hii haiondoi uhaba, bali humtwisha mzigo mtu asiyehusika, na kwamba kerneli inapaswa kuwa tayari kunyimwa kwa kupata mahitaji yake kabla ya kuanza kazi isiyoweza kurudishwa nyuma.

Hatari yake ilidhihirika Desemba 2014, katika mjadala kati ya wasanidi wa kumbukumbu na wale wa mfumo wa mafaili wa XFS. Msanidi Tetsuo Handa alionyesha hali ambapo mchakato mmoja unashika kufuli, yaani haki ya kutumia kitu peke yake kwa muda, kisha unaomba kumbukumbu. Mgawaji anaamua kuua mchakato wa pili, ambao nao unasubiri kufuli lile lile. Wa pili hawezi kufa mpaka apate kufuli, na wa kwanza hawezi kuliachia mpaka apate kumbukumbu. Mashine nzima inakwama, na hakuna kosa lolote lililoripotiwa, kwa kuwa kila upande bado unasubiri. Dave Chinner wa XFS alipinga vikali, na naona alikuwa na haki: mwandishi aliyeandaa njia ya kushindwa kwa uangalifu alikuwa amenyimwa nafasi ya kuitumia.

Wanaoitetea desturi hiyo wana hoja nzito. Njia ya hitilafu isiyojaribiwa ndimo kasoro hujificha, na kuanza ghafla kukataa maombi madogo kungezifumua zote kwa pamoja. Ni kweli, ila hiyo ni sababu ya kuzijaribu. Tangu 2007 Linux ina nyenzo ya kukataa maombi kwa makusudi wakati wa majaribio. Pingamizi la pili ni gumu zaidi: mfumo wa mafaili uliofika katikati ya muamala hauwezi kurudi nyuma bila kuharibu data. Hapo ndipo akiba inapohitajika. Tabaka linaloandika kwenye diski tayari hutenga hazina ndogo mapema, ili kazi iliyoanza iweze kumalizika hata kumbukumbu inapokauka. Wachaga waliochimba mifongo, yaani mifereji ya maji, Kilimanjaro walifuata mantiki hiyo, wakikusanya maji ya usiku katika mabwawa yaitwayo nduwa ili umwagiliaji wa mchana usitegemee mto peke yake.

Wengine watasema kumbukumbu sasa ni rahisi. Si kwa kila mtu. Mwaka 2017 Google ilitangaza toleo la Android kwa simu zenye GB 1 au pungufu, na simu za namna hiyo ndizo wengi kuanzia Moshi hadi Mkuu, Rombo, wamemudu kununua. Si kila programu inayozimika humo imezimwa na kerneli. Android ina mwangalizi wake anayefunga programu za nyuma mapema. Lakini mwangalizi huyo naye ni mchakato, na kerneli ikikwama ndani ya kufuli hana la kufanya. Mwenye simu aliye katikati ya kutuma ada ya shule anabaki na kioo kilichoganda, hajui kama fedha zimekwenda.

Jamii ya Linux yenyewe imekwishakubali msingi wa hoja hii mahali pengine. Lugha ya Rust ilipopendekezwa mwaka 2021, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikataa katakata maktaba ambazo hulipuka zinaponyimwa kumbukumbu. Rust ilipoingia katika toleo la 6.1, Desemba 2022, iliingia na ugawaji unaorudisha jibu la kushindwa kwa aliyeomba. Kilichotakiwa kwa lugha ngeni bado hakijatimizwa kikamilifu na mgawaji mwenyeji.