Arshivi yenye hawakubeba: kusoma historia ya Congo kutoka juu

Mtu akiuliza arshivi za Congo ziko wapi, sisi tuliosoma historia tunajibu haraka: Bruxelles na Tervuren. Makaratasi ya wakati wa Léopold, ramani za makampuni, picha za wamisionari, mengi yaliondoka na wenyewe. Mwanafunzi wa Lubumbashi ao wa Bukavu anataka kuandika TFC juu ya mji wake mwenyewe, anaanza kwa kutafuta visa. Na visa, munajua vile inapatikana.

Lakini kuna arshivi moja yenye haikuingia mu meli: ardhi yenyewe. Kila utawala uliopita hapa uliandika juu ya ardhi. Uliandika kwa barabara, kwa reli, kwa mashimo, kwa nafasi tupu zilizoachwa kwa makusudi. Na leo, ukiwa na simu na mega kidogo, unaweza kufungua ile arshivi kitandani. Wengi wetu tunatumia picha za satelaiti kutafuta paa la nyumba yetu, tunacheka, tunafunga. Ninataka kuwaonyesha kama ule mchezo unaweza kuwa kazi ya historia, na bado ukabaki mchezo.

Kwanza, tujue ile picha inatoka wapi. Zamani, kutazama dunia kutoka juu ilikuwa siri ya wakubwa. Tangu 1960 mpaka 1972 Wamarekani walikuwa na satelaiti za kupeleleza zilizoitwa CORONA. Zilipiga picha kwa filamu ya kweli, kisha filamu ilishuka mu kapsuli na parashuti, ndege ikaidaka hewani. Picha zile zilifunguliwa kwa watu wote mu 1995. Tarehe 23 Julai 1972 satelaiti ya kwanza ya Landsat iliruka, hii haikuwa ya kupeleleza, ilikuwa ya kuchunguza ardhi. Lakini picha zake zililipiwa kwa miaka mingi, paka mu 2008 njo zikawa za bure kabisa. Google Earth ilikuja 2005. Sentinel-2 ya Ulaya ilianza kazi 2015, picha zake ni za bure pia. Maana yake, kizazi chetu njo cha kwanza chenye mwanafunzi wa kawaida wa Congo anaweza kutazama nchi yake nzima bila kuomba ruhusa kwa mtu. Baba zetu hawakuwa na hiyo.

Sasa tuingie mu mchezo. Ninawapa safari ine.

Safari ya kwanza ni kutafuta utupu. Fungua Lubumbashi. Mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka ule ule reli ya kutoka kusini ilifika. Tazama katikati ya mji: barabara zimenyooka, viwanja vikubwa, miti mingi. Kisha teremka pole pole kusini mpaka Kamalondo, yenye Wabelgiji walipanga tangu 1921 kuwa mji wa Waafrika, wakaiita Albert. Pale barabara zimenyooka pia, lakini viwanja ni vidogo na nyumba zimebanana. Kati ya pande hizi mbili kulikuwa na ukanda wenye hakuna mtu aliruhusiwa kujenga nyumba ya kukaa. Waliuita zone neutre. Sababu yenye waliandika ni ya kidaktari: mbu wa malaria haruki zaidi ya mita 500 hivi, basi tuweke umbali huo kati ya Mwafrika na mzungu. Mpishi na mlinzi walivuka ule ukanda kila asubuhi, ule mbu hakuhesabiwa. Usiku, Mwafrika bila karatasi hakuruhusiwa kutembea mu mji wa wazungu.

Leo sehemu kubwa ya ule ukanda imejengwa, lakini mshono unaonekana bado. Na kama huuoni vizuri Lubumbashi, nenda Kinshasa. Tazama kati ya Gombe na komini ya Kinshasa: uwanja wa golf, bustani ya mimea, zoo. Watu wanapita pale wanafikiri ni bustani tu zenye mji ulipewa kwa uzuri. Ni mpaka. Walipanda majani mahali pa ukuta.

Mukiwa bado Lubumbashi, tafuteni shemini ya Gécamines na ule mlima mweusi wa teril pembeni. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi pale 1911. Upepo wa huku, kwa sehemu kubwa ya mwaka, unatoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Basi fuata upepo na kidole chako. Utafika upande wa Penga Penga, na utaona kama ardhi inabadilika: udongo uko wazi, miti haiko. Ni moshi wa kiberiti na vumbi la metali vilivyoanguka pale miaka na miaka, mpaka msitu wa miombo ukafa. Wataalamu wa universite yetu wameandika sana juu ya ile sehemu. Sasa angalia mji wa wazungu ulikuwa upande gani wa shemini. Haukuwa upande wa moshi. Tena rudisha picha za miaka ya nyuma, ulinganishe na za leo: utaona nyumba mpya zinaingia juu ya ule udongo. Hapo historia haiko tena jambo la zamani. Iko mu mboga ya mtu.

Safari ya pili ni Goma. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni upande wa kusini, lava ikashuka, ikapita ku uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji, ikaingia ku ziwa Kivu. Fungua picha za zamani za Google Earth, rudi miaka ya kwanza baada ya mlipuko. Utaona ulimi mweusi unafunika kichwa cha kaskazini cha pisti ya ndege, unaendelea mpaka maji. Ukingo wa ziwa wenyewe ulisogea, ardhi mpya ilizaliwa. Kisha peleka picha mbele, mwaka kwa mwaka. Ule weusi unaanza kupata madoa yanayong'aa. Ni mabati. Watu wa Goma walirudi wakajenga juu ya lava, na wengine walijenga kwa mawe ya ile lava yenyewe. Hakuna kitabu nimesoma chenye kinasema ukaidi wa mji ule vizuri sawa vile zile picha kumi zikifuatana.

Mlipuko wa 22 Mei 2021 munaweza kuutazama kwa Sentinel-2. Chagua rangi za infraredi, zenye jicho letu haliwezi kuona, na moto unajionyesha wenyewe. Lava ile ilisimama ku mlango wa mji, karibu na uwanja wa ndege. Mtu yeyote anaweza kupima mwenyewe ilibakia umbali gani. Ninawaomba mufanye hivyo, sababu mutaelewa kama kupanga mji wa Goma haiko mazungumzo ya wataalamu peke yao.

Safari ya tatu ni ya wale wanaopenda vituko. Tafuta Pweto, ku ziwa Mweru. Pale mto Luvua unatoka ziwani unaelekea Lualaba. Fuata mto pole pole. Juu ya plateau moja, mbali na kila mji, utapata alama ya pisti ya ndege iliyonyooka mahali pasipo na sababu ya ndege kutua. Pale palikuwa kituo cha roketi. Ndiyo, roketi. Mu 1976 kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG ilipewa na Zaire ya Mobutu haki juu ya kilomita mraba 100 000 hivi, zaidi ya mara tatu ya Ubelgiji nzima, mpaka mwaka 2000. Walirusha roketi ya kwanza Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, Mobutu alikuja kutazama mwenyewe. Roketi iliinama ikaanguka bondeni. Warusi na majirani walikuwa wanalalamika kama Wajerumani wanaficha silaha pale. Mu 1979 Mobutu alifunga yote.

Tunacheka, lakini tukae hapo kidogo. Nchi ilitoa eneo la ukubwa ule kwa karatasi moja. Wakaaji wa kando ya Luvua waliambiwa nini? Nani aliwauliza? Picha inatuonyesha pisti, haituonyeshi jibu. Wazee wenye walikuwa vijana mu 1977 wako na miaka sabini sasa. Kuna TFC nzuri pale, na haina haja ya visa. Ina haja ya pikipiki na mtu wa haraka.

Safari ya ine ni Kolwezi. Hapa mchezo unakuwa mzito. Tumia Timelapse ya Google Earth, ile yenye inaunganisha picha tangu 1984 zikawa kama filamu. Weka Kolwezi katikati, acha itembee. Utaona mashimo yanapanuka, maji yanabadilika rangi, barabara zinahama, na mji unazungukwa. Wote tunajua kama Congo njo inatoa sehemu kubwa zaidi ya kobalti ya dunia. Kusema hivyo ni rahisi. Kuona shimo linasogea kuelekea kartie yenye watu, mwaka hata mwaka, ni jambo lingine. Angalia Kasulo pia: mu 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba ndani ya lupango, na kartie nzima ikageuka machimbo.

Na hapa njo nilielewa kama hizi picha ziko na nguvu. Mu 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH, ambao ni Wakongomani, walitoa ripoti juu ya watu waliofukuzwa ku nyumba na mashamba yao Kolwezi na pembeni yake. Waliwasikiliza watu wenyewe, kisha wakaweka picha za satelaiti pembeni ya ushuhuda: kabla, na baada. Mkulima akisema hapa palikuwa nyumba yangu, mkubwa anaweza kumjibu kama hapakuwa kitu. Mbele ya picha yenye tarehe, ule mkubwa anapaswa kutafuta jibu lingine. Zamani ramani ilitengenezwa ku ofisi ya mwenye nguvu, na mwanakijiji hakuwemo. Leo mwanakijiji anaweza kuwa na nakala yake.

Sasa maonyo, sababu tumesoma na tunapaswa kusoma chanzo chochote kwa akili. Picha ya satelaiti haiko video ya sasa hivi, angalia tarehe kila mara. Ku misitu ya Équateur mawingu yanafunika mwaka mzima. Kwetu Katanga, tafuta picha za kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba. Majina yaliyoandikwa juu ya ramani yanakosea mara nyingi, usiyaamini kuliko mama mwenye kuuza sokoni pale. Landsat inaona kwa vipimo vya mita 30, Sentinel-2 mita 10, basi usitafute nyumba ya shangazi mu picha yenye haiwezi kuonyesha nyumba. Na zaidi ya yote: picha inasema nini kilibadilika, haisemi kwa nini. Mstari uliofutika unaweza kuwa barabara ya wamisionari ao njia ya ng'ombe. Ukijaza jibu kwa kichwa chako, umeandika hadithi, haukuandika historia.

Njo maana mimi ninaona kazi hii kama ya miguu miwili. Mguu mmoja ni simu, mwingine ni mzee. Unatoa picha ya kartie yake, unamwekea mbele, unanyamaza. Ataweka kidole: hapa palikuwa kambi ya wafanyakazi, hapa tuliteka maji, hapa walibomoa. Andika jina, andika mwaka, rudi ku picha uhakikishe. Mara nyingi yeye njo anakuonyesha kitu chenye ulipita juu yake mara mia.

Wako wenye watasema hizi ni mambo ya wale wenye mega. Ni kweli mega ni bei. Lakini fanya hivi: ukipata wifi, ku universite ao kwa rafiki, fungua eneo lako moja tu, hifadhi picha za miaka mitano ao sita tofauti, kazi nyingine utaifanya bila konneksioni. Eneo moja linatosha. Chagua kijiji cha nyanya yako, kituo cha reli kilichokufa, misioni, shamba la michikichi, machimbo. Jiulize maswali matatu: nini kilikuwa hapa, kiliondoka lini, nani alifaidika. Yale ya Tervuren tutaendelea kuyadai, ni haki yetu. Lakini wazee wetu hawatangoja mpaka makaratasi yarudi. Tuanze na wao, mwezi huu.