Machela, PF3 na Namba 115

Zamani machela haikuwa ya wagonjwa peke yao. Enzi za Wajerumani ilikuwa kipando cha wakubwa: bwana amekaa, wapagazi wanapokezana mabega, mlima wa Usambara unapandwa. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo 1905, na kutoka hapo barabara ikachongwa ubavuni mwa mlima kupitia Soni hadi Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Wakubwa wakahamia kwenye magari. Machela wakaachiwa wagonjwa na wajawazito wa vijiji vilivyo mbali na lami, Mponde ikiwamo.

Kuitengeneza hakuhitaji fundi. Miti miwili iliyonyooka, blanketi au magunia mawili yaliyotobolewa pembe, na wanaume wa kutosha kupokezana. Anayetangulia anawatajia wa nyuma mashimo na utelezi. Mwendo ni wa polepole mno, lakini mgonjwa amelala amenyooka, na gari lilipokuja lilituondolea faida hiyo. Leo majeruhi wa ajali huinuliwa kwa makwapa na miguu, akakunjwa kiti cha nyuma cha Noah, au akapandishwa bodaboda mshikaki, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Kama shingo au uti wa mgongo umeumia, safari ya namna hiyo inaweza kumpoozesha mtu ambaye ajali yenyewe ilimwacha na uwezo wa kutembea.

Tazama gari linapoanguka kwenye kona za huku Usambara, ukungu umeshuka na udongo umelowa masika. Kabla polisi hawajapata habari, watu wameshakata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani, juu na chini ya ajali, ili wanaokuja wapunguze mwendo. Khanga na vitenge vinavuliwa mabegani kufungia majeraha. Wapo pia wanaokuja kwa ajili ya mizigo na simu za majeruhi, tusijidanganye. Lakini uokoaji wote wa dakika za mwanzo uko mikononi mwa watu hawa, ambao hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna ya kumgeuza mtu aliyevunjika shingo.

Sheria nayo haikuwatazama. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, awasaidie walioumia na atoe taarifa polisi. Yaani mwokoaji wa kwanza kisheria ni yule yule aliyegonga. Kisha ikaja kawaida ya PF3, fomu ya polisi ambayo hospitali huitaka kwa mtu aliyeumia. Viongozi wa serikali wametamka zaidi ya mara moja kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate, ila hofu ya kuulizwa maswali kituoni bado inawafanya wenye magari wengi wapite kama hawakuona. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lilipata sheria yake ya sasa mwaka 2007, na namba yake ni 114. Vituo vyake viko mijini, na mashine ya kukatia mabati ya gari haipandi Mponde kwa muda ambao aliyebanwa anaweza kuusubiri.

Upande wa hospitali mwamko ulichelewa pia. Madaktari wanaoruka wa AMREF walianza 1957, wazo likizaliwa kwenye shamba la daktari Michael Wood miteremkoni mwa Kilimanjaro, lakini ndege haitui kwenye kona ya Soni. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, karibu nusu karne baada ya uhuru, na madaktari bingwa wa kwanza wa fani hiyo kufunzwa nchini wakahitimu 2013. Huku milimani majeruhi bado hupanda ngazi ile ile: hospitali ya Walutheri Bumbuli, kisha Lushoto au Magunga iliyoko Korogwe, kisha Bombo Tanga au KCMC Moshi.

Fedha za nje hupenda barabara kuu. Mradi wa Benki ya Dunia wa kuboresha huduma za dharura ulichukua kipande cha Dar es Salaam hadi Ruaha Mbuyuni, na sababu ilikuwepo, kwa kuwa njia hiyo inaua. Inaua na ya Segera kwenda Moshi: Februari 2023, hapo Korogwe, gari lililobeba waombolezaji na jeneza liligongana na lori la Fuso, watu wasiopungua 17 wakafariki. Na hata ajali isipokuwa ya barabarani, anayewahi ni mtu wa karibu: ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022, aliyesifiwa kwa kuwahi ni mvuvi, Majaliwa Jackson, naye akachukuliwa na Jeshi la Zimamoto. Ni heshima aliyostahili. Mimi ningependa pia wavuvi wenzake wafunzwe huduma ya kwanza, kama Ghana ilivyofanya kwa madereva wa magari ya biashara na Kampala kwa polisi na madereva wa teksi.

Mfumo wenyewe tunao tayari, tumeupitishia mlango mwingine. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa Shinyanga na Sengerema na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022, unampa mama mjamzito au mwenye kichanga namba 115, bila malipo. Anayepokea huuliza dalili, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa jirani aliyeandikishwa, ambaye nauli yake huingia kwenye simu akishamfikisha mgonjwa. Dereva huyo anazijua kona na anajua daraja gani limesombwa. Akimkuta njiani kijana aliyevunjika paja, 115 haimhusu kijana huyo. Akiamua kumbeba, nauli atamdai ndugu wa majeruhi, kama amepatikana, na polisi watataka maelezo yake kabla hajaondoka.