Sarafu na Kasha Lake

Mwalimu aliyesahihisha mitihani kwa miaka mingi anajua kwamba alama si kitu kilichosimama mahali pamoja. Karatasi iliyopewa daraja la pili mwaka huu yaweza kupewa la kwanza miaka kumi baadaye, ilhali mwandiko ni ule ule na majibu ni yale yale. Kilichobadilika ni jicho la msahihishaji. Sijaona mahali ambapo jambo hili limeacha ushahidi wazi kama katika historia ya sarafu za Marekani zilizofungwa ndani ya vikasha vya plastiki.

Kwa muda mrefu, ubora wa sarafu ulitajwa na mfanyabiashara mwenyewe. Alipouza alisema ni nzuri mno. Alipoinunua ile ile akasema imechakaa. Mwaka 1949 William Sheldon, mtaalamu wa saikolojia, alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za miaka ya mwanzo ya taifa hilo, na humo akaweka kipimo cha 1 hadi 70. Hesabu yake ilikuwa ya bei: sarafu ya daraja la 70 ilitazamiwa kuwa na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Bei hizo zilipitwa na wakati upesi, lakini namba zikabaki. Ajabu ni kwamba baada ya Sheldon kufariki mwaka 1977, ilibainika kuwa alichukua senti bora kutoka hazina ya American Numismatic Society, New York, na kuweka zake duni mahali pake. Aliyewapa watu mizani, mwenyewe hakuwa mwaminifu wa mizani.

Mwaka 1972 chama cha wakusanyaji, American Numismatic Association, kilianzisha huduma ya kuthibitisha sarafu halali na bandia, iitwayo ANACS. Mwaka 1979 huduma hiyo ikaanza pia kutoa daraja, kwa cheti chenye picha. Kasoro yake ni kwamba sarafu ilikuwa huku na cheti kule, na mjanja aliweza kuviachanisha.

Dawa ilipatikana Februari 1986, kampuni ya PCGS ya California ilipoanza kazi. Wapimaji kadhaa waliitazama kila sarafu bila kumjua mwenyewe, kama sisi tulivyosahihisha karatasi zenye namba tu za watahiniwa. Kisha sarafu ikafungiwa pamoja na lebo yake ndani ya plastiki, na kampuni ikaahidi fidia endapo daraja lingeonekana kuwa limezidishwa. Mwaka 1987 John Albanese akaanzisha NGC. Watu sasa walinunua sarafu bila kuziona, na fedha za Wall Street zikamiminika hadi bei zilipopanda mno mwaka 1989, kisha zikaporomoka. Mwaka 1990 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki PCGS kwa kutangaza uhakika uliozidi ule uliokuwapo, na shauri likamalizwa kwa maafikiano.

Vikasha vya miaka ile vimekuwa navyo vitu vya kukusanywa, na kuvitambua ni elimu yake. Vya kwanza vya PCGS ni vidogo, havina ukingo ulioinuka wa kuviwezesha kupangwa kimoja juu ya kingine, na sarafu hugonga-gonga ndani ukivitikisa. Ndiyo maana Wamarekani waliviita kwa jina la kayamba la mtoto. Baadaye vikaja vyenye ukingo na lebo ya kijani, vilivyodumu hadi mwaka 1998 lebo ya buluu ilipochukua nafasi. Vya kwanza kabisa vya NGC vilikuwa na kiini cheusi, vikaachwa upesi na kufuatwa na vyeupe. Hivyo vyeusi ni adimu kiasi kwamba kasha laweza kununuliwa kwa bei inayozidi ya sarafu iliyomo.

Kwa nini watu wahangaike na plastiki kuukuu? Kwa sababu wengi wanaamini kwamba wapimaji wa zamani walikuwa wakali zaidi. Sarafu iliyopewa 64 mwaka 1988 yaweza kupata 65 leo, na pengo la namba moja huweza kuwa maelfu ya dola. Kwa hiyo wafanyabiashara huvunja vikasha vya kale na kuzipeleka sarafu kupimwa upya, mara moja, mara mbili, hata zipande. Kila kinachovunjwa huwafanya waliobakiza wawe wachache zaidi, na ushahidi wa kipimo cha zamani hupotea pamoja nacho. Mwaka 2007 Albanese huyo huyo akaanzisha CAC, inayokagua sarafu zikiwa ndani ya vikasha vyao: stika ya kijani kwa inayostahili daraja lake barabara, ya dhahabu kwa inayostahili zaidi. Yaani msahihishaji naye akapata msahihishaji.

Wala wadanganyifu hawakulala. Mwaka 2008 vilionekana vikasha vya kughushi kutoka China, vyenye lebo na namba za sarafu za kweli. Kwa hiyo kulinganisha namba na kumbukumbu za kampuni hakutoshi. Sharti pia mtu atazame kama sarafu iliyomo ndiyo ile ya picha iliyohifadhiwa.

Wakusanyaji wazoefu husema: nunua sarafu, usinunue kasha. Ni kweli, ila haitoshi. Kasha la zamani ni hati: latuambia watu waaminifu wa mwaka fulani waliita nini kizuri. Anayelivunja ili apate namba kubwa zaidi haiongezei sarafu uzuri hata chembe. Hufuta tu ushahidi kwamba kipimo kimelegea. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kilicho chema hakihitaji kupimwa mara tatu.